Mafuta ya Uso si Uchafu



Kuna swali moja ambalo hutujia kila tunapokutana na vijana, hapa kwetu na hata kule Wema na Hewani. Twaweza kuwa tumeitisha mkutano wa maji safi, au wa vyoo, au wa malaria. Watu husikiliza kwa adabu. Mkutano ukiisha na watu wakianza kutawanyika, msichana mmoja husogea pembeni akauliza kwa sauti ya chini: "Hii uso yangu inatoa mafuta kama karai, nifanyeje?" Akina mama nao huuliza habari ya mba isiyokoma, na ya magamba kichwani mwa mtoto mchanga. Tumeona ni vyema tujibu yote mahali pamoja, kwa sababu asili yake ni moja, na kwa sababu tumeona vijana wetu wakijiumiza vibaya kwa kupigana na kitu ambacho hakikuwa adui.

Basi tuanze na hili: mafuta ya uso si uchafu. Hayakutoka nje yakakurukia. Yanatoka ndani yako mwenyewe. Chini ya ngozi mna vifuko vidogo sana viitwavyo tezi za mafuta. Nyingi zimeshikana na shina la unywele, na mafuta yake hupitia tundu lile lile unywele unamotokea. Tezi hizi ziko karibu mwili mzima isipokuwa viganjani na kwenye nyayo. Ndiyo maana kiganja chako hakitoi mafuta hata jua la Garsen likiwaka namna gani. Hutoa jasho tu. Lakini usoni, kichwani, kifuani na mgongoni zimejaa tele. Kwenye uso, sehemu ndogo ya sentimita 1 ya mraba, yaani kama ukucha wa kidole kidogo, yaweza kuwa na tezi 400 hadi 900.

Anayezipa tezi hizi amri ni homoni, hasa zile tunazoziita za kiume, ambazo hata wanawake wanazo kwa kiasi kidogo. Mtoto mchanga huzaliwa tezi zake zikifanya kazi kwa bidii. Baada ya miezi michache hulala, zikanyamaza kwa miaka mingi. Mtoto akifika miaka 8 au 9 huanza kuamka tena, na akibalehe ndipo huchemka kweli kweli. Kwa mwanamke hupungua baada ya hedhi kukoma. Kwa mwanamume huendelea hadi uzeeni. Wazee wetu husema kijana mwenye chunusi anataka kuoa. Kuna ukweli ndani yake, maana homoni zinazomfanya kijana aanze kutazama wasichana ndizo hizo hizo zinazojaza uso wake mafuta. Lakini kuoa hakuziponyi, tusidanganyane. (Na chunusi tunazozisema hapa ni za ngozi, si yule wa majini anayesemwa kuwavuta watu mtoni.)

Joto nalo lina sehemu yake. Mwaka 1970 wataalamu wa Uingereza walipima wakaona kwamba ngozi ikipanda joto kwa digrii 1, mafuta yanayotoka huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10. Sasa hebu fikiria mtu anayepalilia mpunga saa saba mchana huku kwetu. Ongeza jasho, ambalo hutoka kwenye tezi nyingine kabisa, likachanganyika na mafuta na kuyatandaza uso mzima. Mtu huyo akijiangalia kwenye kioo akaona anang'aa, si mgonjwa. Wengine nao wamerithi tu: baba alikuwa hivyo, shangazi alikuwa hivyo, na watoto wako hivyo.

Kwa hiyo kosa la kwanza tunaloliona ni kusugua. Kijana aona uso una mafuta, achukua sabuni ya kufulia, au ya unga, na kitambaa kigumu, asugua mara nne kwa siku mpaka uso uwake. Msemo wa dawa ya moto ni moto tumeutia hata usoni. Lakini tezi iko chini ya ngozi, na habari za sabuni yako haina. Sabuni huondoa yale yaliyokwisha kutoka, na baada ya saa chache yatakuwa yamerudi. Kinachobaki ni ngozi iliyokauka, iliyopasuka, inayowasha, na chunusi zilizotumbuliwa kwa kitambaa. Hata vile vidoa vyeusi puani, ambavyo kila mtu huapa ni uchafu, si uchafu. Ni mafuta na seli za ngozi zilizoziba tundu, na kile kilicho juu kimegeuka cheusi kwa rangi ya ngozi yenyewe na kwa kupigwa na hewa. Usugue utakavyo, havitoki hivyo.

Kuosha uso mara mbili kwa siku kwatosha, na mara ya tatu ukitoka shamba umelowa jasho. Tumia sabuni ya kuogea iliyo laini, na vidole vyako, si brashi. Maji ya mto yaache yatulie kwanza tope lishuke. Visima vingine vya huku maji yake yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na utando wake hubaki usoni. Hapo suuza zaidi ya mara moja.

Ndimu twaomba muiache kwenye samaki. Wengi hukata ndimu, wakajipaka uso kisha wakatoka nje. Maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huunguza, wakati mwingine mpaka malengelenge, na huacha mabaka meusi ya miezi. Dawa ya meno na magadi pia huunguza. Liwa, ambayo mama zetu wa pwani wamejipaka tangu zamani, haina ubaya kwa walio wengi, mradi ioshwe ikauke na isisuguliwe kwa nguvu.

Watu hutuuliza pia kama ni mahamri na samaki wa kukaanga yanayotokea usoni. La. Mafuta unayokula hayapandi moja kwa moja mpaka kwenye paji la uso. Tezi hujitengenezea yake. Hata hivyo chakula si kitu cha kupuuzwa. Mwaka 2002 mtafiti Loren Cordain na wenzake walitoa habari za kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea. Walichunguza watu 1,200, wakiwamo vijana 300 wa miaka 15 hadi 25, wasione hata mmoja mwenye chunusi. Watu hao walikula viazi, matunda, samaki na nazi, karibu bila sukari ya dukani wala unga mweupe. Nazi, tazama, ina mafuta mengi, na uso wao ulikuwa safi. Tangu hapo tafiti nyingine zimeonyesha kwamba vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa haraka huzidisha chunusi kwa baadhi ya watu. Kwa hiyo ukitaka kupunguza kitu, anza na soda na vijiko vinne vya sukari kwenye chai. Habari ya maziwa bado inabishaniwa, na hatuoni sababu ya ndugu zetu wafugaji kuogopa kikombe chao.

Mafuta ya kupaka ndiyo jambo kubwa zaidi kuliko mafuta ya kula. Huku kwetu mtoto akienda shule asubuhi bila kung'aa, watu husema mamake hamjali. Basi hupakwa mafuta ya mgando kuanzia kichwani hadi miguuni, uso usisahaulike. Mwaka 1970 huohuo, madaktari Plewig, Fulton na Kligman wa Marekani waliandika juu ya chunusi walizoziona kwa wanaume weusi waliokuwa wakipaka nywele mafuta mazito. Zilijipanga kwenye paji la uso na pembeni, pale pale mafuta ya nywele yalipoteremkia. Sisi tunaziona hapa kwa wasichana waliosukwa wakapakwa mafuta mengi kichwani, na kwa wavulana wanaojipaka uso mafuta ya mgando wakiwa na umri wa miaka 15. Miguu na mikono paka utakavyo, maana hukauka. Uso wa kijana ambao tayari watoa mafuta hauhitaji mengine. Akihisi kukauka baada ya kuoga, losheni nyepesi kidogo yatosha.

Chunusi zenyewe hutokea hivi. Tundu huziba kwa seli za ngozi. Mafuta hukosa njia, yakajikusanya. Ndani yake mna bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, nao wakipata mafuta hayo yaliyofungiwa huongezeka. Mwili ukianza kupigana nao, pale pavimba, pakawa pekundu au peusi, pakatunga usaha. Kwenye ngozi yetu nyeusi kuna taabu ya ziada: chunusi ikipona huacha doa jeusi ambalo laweza kukaa miezi mingi. Vijana wengi wanaotujia hawalii kwa ajili ya chunusi, walia kwa ajili ya madoa. Na kila wanapotumbua, doa huwa kubwa zaidi.

Dawa ziko, na nyingine si za bei kali. Benzoili peroksaidi, ya asilimia 2.5 au 5, hupatikana kwenye maduka ya dawa. Hupakwa kidogo tu, mara moja kwa siku, mahali pote chunusi hutokea, si juu ya chunusi moja moja. Ngozi ikikauka, paka siku moja na uache moja. Angalieni jambo hili: dawa hiyo hutoa rangi kwenye nguo. Leso ya mamako na foronya zitapata mabaka meupe, kisha ugomvi nyumbani. Jambo la pili ni kungoja. Wiki sita au nane hupita kabla hujaona tofauti ya maana, na wengi huacha wiki ya pili wakisema dawa ni bandia. Zikiwa nyingi, kubwa, zenye maumivu au zinaacha makovu, daktari aweza kuongeza dawa nyingine za kupaka usiku au vidonge vya doksisaiklini. Vidonge hivyo havifai kwa mjamzito wala mtoto mdogo. Iko pia dawa yenye nguvu kuliko zote, isotretinoini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982. Hiyo hupunguza tezi zenyewe, lakini mwanamke akishika mimba akiitumia, mtoto aweza kuzaliwa na ulemavu mkubwa. Si ya kununua kwa rafiki.

Sasa tufike kwenye lile lililotufanya tushike kalamu. Ni ile tyubu ndogo.

Mnaijua. Huuzwa madukani na kwenye meza za sokoni, pamoja na biskuti na betri za tochi. Msichana ana mafuta usoni na madoa machache. Shoga yake amwambia, hebu jaribu hii. Ajipaka. Siku ya tatu chunusi zimenywea. Wiki ya pili uso umekuwa laini na umeng'aa kidogo, na watu wote wamsifu. Nani atamwambia aache? Basi aendelea miezi sita, mwaka. Kisha chunusi zaja upya, ndogo ndogo, nyingi, zinafanana kama zimepandwa kwa mashine. Vinyweleo vyaota mashavuni. Ngozi yawa nyembamba, mishipa yaonekana, jua lamchoma. Akijaribu kuacha, uso wawaka moto na kuvimba siku mbili tatu, akimbilia tyubu ile ile, nao watulia. Hapo amefungwa.

Kilichomo ni dawa za jamii ya steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni. Si sumu zenyewe. Ni dawa halali za hospitali, zinazotibu magonjwa makali ya ngozi kwa siku chache na kwa sehemu maalumu, na klobetasoli ni miongoni mwa zile kali kupita zote. Hazikutengenezwa kupakwa uso mzima kila asubuhi. Kwenye boksi, soma zile herufi ndogo. Ukiona jina linaloanza na "clob" au "betam", na hakuna daktari aliyekuandikia, irudishe. Mwenye kutumia kwa miezi mingi asiache ghafla peke yake, aende kwa tabibu amsaidie kupunguza pole pole.

Nyingine za kujichubua zina vitu vibaya zaidi. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kugeuza ngozi ikawa na weusi wa kibluu usiotoka, jambo ambalo madaktari wa Afrika Kusini walilieleza mwaka 1975. Zebaki nayo haibaki kwenye ngozi, huingia mwilini ikafika kwenye figo. Hili halikugunduliwa mbali. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza juu ya wagonjwa waliokuwa wamevimba mwili, protini ikipotea kwenye mkojo kwa sababu figo zimeharibika. Walipowauliza, wakakuta wengi wao walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Ni zaidi ya miaka 50 sasa. Mwaka 1998 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Mwaka 2023 nchi zilizotia sahihi Mkataba wa Minamata zilikubaliana vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe kufikia 2025. Lakini marufuku ya karatasi haimfikii mchuuzi anayepokea mzigo kwa njia za panya.

Zebaki mara nyingi haiandikwi wazi. Dalili moja ya kuijua ni onyo kwenye pakiti kwamba krimu au sabuni isiguse dhahabu, fedha, alumini wala mpira, na kwamba uvue pete kabla ya kujipaka. Kitu kinachoogopewa na pete, mbona usoni mwako kipite? Na mama anayeitumia humgusisha mtoto anayemnyonyesha, kwa mikono yake na kwa taulo la nyumba moja.

Tuje kwenye mba. Lugha yetu hapa ilikuwa na akili kuliko wengi wanavyodhani. Kwa Kiswahili mba ni yale magamba meupe ya kichwani, na mba pia ni yale mabaka ya kifuani na mgongoni yaliyo mepesi kuliko ngozi. Wataalamu walipopima kwa hadubini walikuta mambo haya mawili yanaletwa na fangasi wa jamii moja, aitwaye Malassezia. Huishi kwenye ngozi ya kila mtu mzima, na chakula chake ni mafuta yale yanayotoka kwenye tezi. Kwa baadhi ya watu mwili hukasirishwa naye, ndipo huja magamba ya manjano yenye mafuta na kuwasha: kichwani, kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio, kifuani. Daktari Mjerumani Paul Unna aliueleza ugonjwa huu mwaka 1887, mwaka ule ule Wajerumani wa Neukirchen walipoanza kazi Ngao. Kwa hiyo ni wa zamani kuliko shule nyingi za huku.

Kwa sababu magamba yanaonekana makavu, dawa ya kwanza ya nyumbani ni kupaka kichwa mafuta, tena mengi. Kumbe wataalamu wakitaka kumkuza fangasi huyu kwenye maabara, lazima wamtilie mafuta kwenye chombo, la sivyo wengi wa jamii yake hawaoti. Ukimpaka mwanao mafuta ya kupikia juu ya mba, umemwandalia karamu. Magamba yatalala siku moja, na kesho kutwa yamerudi.

Kinachosaidia ni sabuni ya nywele yenye ketokonazoli ya asilimia 2, au yenye seleni salfaidi. Lowesha kichwa, paka kwenye ngozi na si kwenye ncha za nywele, ngoja dakika tano, ndipo usuuze. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Aliyesukwa apitishe kwa vidole kwenye mistari, na kwake mara moja kwa wiki yafaa ili nywele zisikatike. Povu lile lile laweza kupitishwa kwenye nyusi na kifuani. Baadaye rudia mara moja kila wiki moja au mbili, kwa sababu mba haing'olewi kabisa, hutulizwa tu. Aliyekuahidi kuiponya milele anataka pesa zako.

Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu mara nyingi huacha mabaka mepesi usoni, na hapo hofu ya ukoma huingia. Tofauti yaweza kuonekana nyumbani. Mwenye baka afumbe macho, mguse pole pole kwa pamba, mara juu ya baka, mara pembeni. Mba huwasha na hisia zipo. Baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi. Asiyehisi apelekwe hospitali, wala asifichwe: ukoma una dawa, hutolewa bure, na hupona.

Mtoto mchanga naye. Magamba mazito ya kichwani, ya manjano, ambayo huja wiki za kwanza, hayatokani na uchafu wa mama wala maziwa mabaya. Ni zile tezi tulizosema huzaliwa zikiwa macho. Kwa walio wengi huisha yenyewe kabla ya mwaka kwisha. Tunawaomba akina nyanya wasiyakwangue kwa kucha wala kichana. Paka mafuta kidogo yalainishe magamba, ngoja kidogo, chana kwa brashi laini, kisha osha mafuta yote kwa sabuni ya mtoto. Tofauti na mtu mzima ni kwamba hapa mafuta hayaachwi. Wengi huogopa kugusa utosi. Ukigusa kwa upole haudhuriki. Kichwa kikitoa maji, kikinuka, au vipele vikienea mwili mzima, mpeleke mtoto kwa tabibu siku hiyo.

Tumeliacha kwa makusudi neno moja gumu mpaka hapa. Mwaka 1984 madaktari wawili wa Marekani waliandika kwamba wagonjwa wao wa UKIMWI walikuwa na ugonjwa huu wa mba usoni, tena mkali. Baadaye ilionekana hivyo hivyo kwingi. Katika watu wa kawaida, kiasi cha 1 hadi 5 kati ya 100 ndio huupata. Kwa wenye virusi wasiotumia dawa, tafiti nyingi zilikuta theluthi moja au hata zaidi. Shirika la Afya Duniani huuhesabu kati ya dalili za hatua ya pili ya ugonjwa huo. Sababu ni kwamba kinga ikishuka, mwili hushindwa kumzoea fangasi ambaye siku zote aliishi naye kwa amani.

Basi msianze kumtazama jirani nyusi zake kanisani! Watu wengi mno wana mba na hawana virusi. Hesabu hiyo hiyo yasema hivyo. Lakini mtu mzima ambaye mba imemlipuka ghafla usoni na kifuani, imekuwa nyingi, na haisikii dawa, afanye vizuri kupima. Kupima ni bure, na tangu 2016 Kenya humpa dawa kila anayepatikana na virusi bila kungoja adhoofike. Kwa wengi, wakianza dawa hizo, hata uso hutulia. Tumeona watu wakitumia mwaka mzima kununua krimu hii na ile, huku uso ukiwaambia jambo jingine.

Kuna wengine wawili ambao mafuta ya uso huwa ni barua kutoka ndani ya mwili. Mmoja ni mwanamke aliyepita miaka 20 na kitu, chunusi zimejaa kidevuni, hedhi yaruka miezi na ndevu zaota. Huenda homoni zake zimepoteza mizani, na zahama hiyo yatibika. Mwingine ni mzee ambaye uso umeanza kung'aa mafuta, mba imezidi, na mkono mmoja watetemeka akiwa ameketi tu. Huyo aonwe kwa ajili ya mishipa ya fahamu, si kwa ajili ya ngozi.

Daktari bingwa wa ngozi ni mgeni wa nadra katika Kaunti ya Tana River, hilo twalijua. Lakini karibu yote tuliyoyasema hapa tabibu wa kawaida aweza kuyatibu. Kwenye hospitali ya KCMC huko Moshi, Tanzania, iliyo chini ya Shirika la Msamaria Mwema, kulianzishwa mwaka 1992 kituo cha kufundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika magonjwa ya ngozi, kwa sababu ilionekana kungoja mabingwa ni kungoja milele. Anzeni kwenye zahanati iliyo karibu. Likishindikana, nendeni Hospitali ya Ngao, na kutoka huko watu hupelekwa Hola au Malindi.

Na mkienda, msiende na uso mtupu. Bebeni kila mlichojipaka kwa miezi sita iliyopita: tyubu, boksi lake, kopo la mafuta, kipande cha sabuni, hata kama jina limefutika, hata kama mwaona haya. Tabibu hana haja ya kujua nani alikuuzia. Ana haja ya kujua kilichomo, na wiki ngapi umepaka, ndipo ajue aanze kukuachisha wapi.